Mkebe Chini ya Kitanda

Nairobi, 9 Oktoba 1953

Kwa abaayo, dada yangu Amino,

Assalamu alaikum. Nimefika. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ukipata barua yangu unaruka salamu zote kutafuta kama nimefika. Sasa rudi nyuma uzisome. Nakusalimu wewe, nawasalimu majirani wote wa mtaa wako, na ukimpata mtu wa kwenda Ijara mpe salamu ampelekee mke wangu Sharifo na watoto. Sharifo aambiwe pia kwamba yule ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe asikamuliwe tena mpaka azae.

Njia ilikuwa mbaya. Lori la Barre lilitutikisa mpaka Thika, na kila penye kona askari wanasimamisha gari, wanataka kipande na karatasi ya ruhusa. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, mtu wa kwetu huku anatazamwa mara mbili: kwanza kwa nini ametoka wilaya iliyofungwa, pili kwa nini ameingia hapa.

Hospitali wamenilaza. Asubuhi moja walininyima chakula, wakaniingiza katika chumba cha giza, wakanisimamisha mbele ya mashine na kunipa kikombe cha kitu cheupe, kizito kama chokaa. Nikamwuliza dresa anayemfasiria daktari, "Haya ni maziwa ya mnyama gani?" Akacheka, akasema ni dawa ya kuwezesha picha kuliona tumbo. Abaayo, mimi ninayemaliza chombo kizima cha maziwa, dhil iliyojaa, bila kupumua, nilishindwa na kikombe. Nilikinywa kwa aibu tu.

Daktari ni Mzungu mrefu mwenye sauti ya chini. Aliziona zile alama za moto tumboni akauliza nani aliyenichoma. Nikasema mzee Olow, kwa chuma, mwaka jana na tena mwaka huu. Akauliza kama zilisaidia. Nikamwambia kwa muda, maana ngozi ikiungua mtu husahau tumbo. Hakucheka.

Anasema ni kidonda. Alimwambia mwenzake neno moja ambalo sikulikuta katika Kiingereza changu cha jeshini. Si kitu. Mvua za vuli hazitaisha kabla sijarudi. Shida yangu kubwa ni kitanda chenyewe, siwezi kukaa. Natembea barazani toka mwanzo hadi mwisho mpaka nesi ananifukuza.

Niandikie kwa Kiswahili kama kawaida yetu. Lugha ya mama bado inaogopa kalamu.

Ndugu yako,
Sugow


Garissa, 27 Oktoba 1953

Kwa walaal Sugow,

Wa alaikum salaam warahmatullahi. Kweli niliruka salamu, na kweli nilizirudia. Hapa wote wazima, ila joto limetukalia kifuani na mawingu yanapita juu bila kushuka. Salamu zako kwa Sharifo zimekwenda na watu wa Sangailu waliokuja kuuza ngozi.

Jirani yangu Lul amenichekesha wiki hii. Alipata wageni, wazee wa heshima zao, ndevu nyekundu kwa hina, akawatolea maziwa kwa finjani. Finjani, walaal, ndugu yangu! Vile vikombe vya kahawa unavyoweza kuvificha kiganjani. Mzee Jama akainua yake, akaitazama, akauliza, "Hii ni ya kunywa au ya kunusa?" Mji mzima unalo neno hilo sasa. Mimi unanijua. Hakuna mgeni aliyetoka kwangu akisema dhil ilikuwa nusu. Nikifa, sifa hiyo moja inanitosha.

Sasa tuje kwako. Umeniandikia mengi kuhusu maziwa ya chokaa, na neno la daktari ukalizunguka kama mtu anayekwepa shimo. Neno lenyewe ni lipi? Liandike ulivyolisikia, hata kama hulijui. Sikujifunza kusoma kambini Nanyuki, katika darasa la wake wa askari, ili niandikiwe "si kitu". Marehemu baba naye alisema si kitu.

Nakutumia mkebe wa nyirinyiri kwa mkono wa Barre. Nyama nimeikata mwenyewe ndogondogo, nikaikaanga mpaka ikaacha maji yote, nikaizamisha katika samli yenye iliki. Mkebe nimeufunga kwa kamba ya ngozi, kwa fundo la mama. Desturi unaijua: nyama ya dada haifunguliwi na mkono mwingine, na hakuna anayeonja kabla ya mwenyewe. Onja wewe, ndipo uwape wenzako. Na ule mpaka chini. Mpaka chini, Sugow, usiniletee habari za hospitali.

Nangoja neno.

Dada yako,
Amino


Nairobi, 15 Novemba 1953

Kwa abaayo Amino,

Nakusalimu kwa salamu za mtu aliyeshiba. Mkebe umefika. Barre aliuleta mwenyewe mpaka wodini, ameukumbatia, akagombana na nesi mlangoni kwa ajili yake. Ilikuwa tamu. Iliki ilijaa wodi nzima, wagonjwa wakainua vichwa. Mungu akuweke.

Kitanda cha pili yuko Guyo, Mborana wa upande wa Hadado. Lori lilipinduka naye, sasa mguu wake umening'inizwa kwa kamba juu ya kitanda. Ni mtu wa mzaha, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Akiniona natembea huniambia, "Wewe Msomali, mbona iko nazunguka kama ng'ombe imepoteza mtoto? Keti. Dunia hapana kimbia." Namwambia ajaribu kukaa yeye. Ananionyesha mguu.

Ni kweli situlii. Nikilala nataka kusimama, nikisimama nataka kuondoka, nikifikiria kuondoka nachoka. Daktari anataka kunipasua. Anasema atakata sehemu mbovu ya tumbo na nzima ataiunganisha. Nilimwambia nitafikiri. Nikaenda mpaka langoni na nguo za hospitali, nikasimama nikitazama malori yanayoelekea Thika. Lori moja lilikuwa na ng'ombe, nikawasikia wakilia. Nusura nipande. Kisha nikajitazama, nikaona aibu kufika kwetu na suruali ya kufungwa kwa ugwe. Nikarudi, nikaweka sahihi.

Usimwambie Sharifo habari ya kupasuliwa. Atauza vitu aje huku, na njia si njia ya mwanamke mwaka huu. Mwambie nakula dawa.

Neno ulilouliza: daktari ana kazi nyingi. Nikimpata ametulia nitamwuliza.

Ng'ombe amezaa? Hilo niandikie upesi.

Ndugu yako,
Sugow


Garissa, 10 Desemba 1953

Kwa walaal Sugow,

Salamu za mtu aliyelowa. Mvua tuliyoiomba imekuja na ya mwaka ujao pia. Tana imepanda kingo, barabara imekatika, na lori la posta lilikaa ng'ambo likitutazama nasi tukilitazama. Barua yako nimeipata jana, imevimba kwa maji. Nilikuwa nakwenda posta hata siku ambazo kila mtu anajua hakuna lori. Karani akiniona mbali anatikisa kichwa kabla sijafika.

Furahi: ng'ombe wako amezaa. Ndama jike, mweusi, paji jeupe kama la mamaye. Sharifo aliniletea habari mwenyewe, ametembea kwenye matope yale yote. Aliniuliza kwa nini siketi. Nikamwambia ni joto. Na mvua inanyesha, Sugow! Alinitazama tu. Mkeo si mjinga. Sikumwambia ulichonikataza, lakini sitaweza kwa muda mrefu, mimi si kisima.

Nimefurahi ulikula. Ila umenisifia iliki tu, na iliki hata Barre aliisikia njia nzima kupitia kifuniko. Nyama yenyewe ilikuwaje? Ilikuwa laini? Na ulipofika chini, je?

Halafu hilo neno. Huyo daktari wako hajapata nafasi ya kulitamka mpaka leo? Neno moja? Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimwambia baba hivyo.

Nimekwenda ofisini kwa Bwana DC kuomba ruhusa ya kuja. Karani ameniambia Bwana DC yuko safarini, na hata akirudi, mwanamke wa huku kwenda Nairobi peke yake wakati huu ni jambo la kufikiriwa. Nikamwambia basi afikiri haraka.

Ukipasuliwa, mtu aniandikie siku hiyohiyo. Hata huyo Guyo, kwa Kiswahili chochote.

Dada yako,
Amino


Nairobi, 2 Januari 1954

Kwa abaayo Amino,

Salamu kwako, kwa Sharifo, kwa watoto na kwa ndama. Mwandiko usikutishe, naandika nimelala.

Nimeshapasuliwa. Walinifunika pua na kitambaa chenye harufu kali, nikaanza kuwataja ng'ombe wangu mmoja mmoja ili nisiogope, wakanipotea kabla sijamaliza wa mbele. Nilipoamka nina mshono toka kifuani mpaka kitovuni, umepita katikati ya alama za mzee Olow. Guyo anasema sasa tumbo langu lina barabara na vijiji.

Daktari alikuja akasimama kando ya kitanda muda mrefu. Alisema mimi ni jasiri. Mambo yote ni mazuri. Napewa uji kwa kijiko, kidogokidogo, ndivyo wanavyofanya kwa kila mtu aliyeshonwa.

Nyama ilikuwa laini. Na chini nilifika zamani, nilikwangua mkebe kwa kidole, sikubakisha hata samli.

Ndama asiuzwe. Huyo ni wa kubaki.

Ndugu yako,
Sugow


Garissa, 24 Januari 1954

Sugow,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki.

Chini ya mkebe, kabla sijaweka nyama, niliweka kaharabu ya mama. Ile kubwa ya katikati ya mkufu, uliyokuwa ukiing'ata ulipoota meno. Naapa sikuitega. Nilitaka uikute siku ya kumaliza, ucheke peke yako katikati ya wageni, ujue kwamba huku kwenu kuna mtu. Nikangoja uniandikie umeiona. Barua ya kwanza, kimya. Nikasema bado hajafika. Barua ya pili unaniambia umekwangua kwa kidole. Kidole hicho kilipita wapi? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mkebeni.

Hukula. Nadhani hata fundo hukulifungua. Wewe uliyekuwa ukiingiza kichwa kizima katika sufuria ya mama mpaka tukakuvuta kwa miguu! Wewe unapelekewa nyirinyiri ugenini, ukiwa na njaa ya kwenu, na huifungui. Basi tumboni mwako kuna nini?

Nimekukasirikia. Nimelia pia, na sioni haya kukuandikia hilo. Nikipika naacha jungu likaungua. Nikianza kufagia ua najikuta nimesimama njiani na ufagio mkononi nikitazama upande wa daraja. Watu wananiuliza habari zako, nawapa zile ulizonipa, na ninapozisema nazisikia zilivyo tupu. Umenifanya niwe mwongo bila hata kuujua ukweli ninaouficha.

Ruhusa haijatoka. Nimekaa barazani kwa DC mpaka askari wamenizoea kama bendera. Leo karani ameniletea chai, nikajua kwamba jibu ni hapana.

Kwa hiyo niambie. Niambie neno. Niambie utarudi lini. Niambie kama utarudi.

Salamu zimebaki kidogo. Zipokee.

Amino


Nairobi, 16 Februari 1954

Kwa abaayo wangu, mwana wa mama yangu,

Assalamu alaikum. Nimezipokea hizo kidogo, nami nakurudishia zote nilizo nazo.

Neno ni kansa. Nimelijua tangu Novemba, dresa alinieleza kabla sijaweka sahihi. Ni nyama mbaya inayoota ndani ya mtu na kuila ile njema. Daktari alitaka kuikata, lakini aliponifungua aliikuta imeshafika kwenye ini. Hakutoa kitu. Alinishona. Ule muda mrefu aliosimama kando ya kitanda alikuwa akitafuta namna ya kuniambia. Nikamwonea huruma, nikasema, "Sema tu, bwana. Mimi nilikuwa vitani Burma." Akasema ni miezi, na si mingi.

Unauliza kwa nini nilikuficha. Mkumbuke baba. Ilipojulikana kwamba tumbo limemshinda, watu walianza kumsalimia kwa sauti ya chini, kana kwamba amelala. Kisha wakaja wazee, kila mmoja akapewa dhil yake, na baba akaletewa kikombe cha mtoto. Walimletea kwa huruma, najua. Alikitazama, akageuka upande wa pili. Hakunywa tena mbele ya mtu mpaka akafa. Wewe ulikuwa kwa mumeo Nanyuki, mimi nilikuwa nimeketi pale mlangoni. Kifo ni haki, abaayo, siwezi kubishana nacho. Kikombe kile ndicho ninachokiogopa.

Mkebe ulikaa chini ya kitanda changu muda wote huo. Harufu yake, niliyokuwa nikiiota jeshini, sasa inanigeuza moyo. Sikuweza kufungua nisile, na sikuweza kuwapa wenzangu kabla sijaonja. Desturi ilinifunga kuliko kamba yako. Aliyeumia ni Guyo. Kila asubuhi: "Sugow, hii mkebe yako itaniua kabla ya mguu. Pua yangu nakula kila siku, mdomo yangu nalala njaa. Kwani nimefanyia wewe nini?" Nami nikimjibu, "Kesho." Akaacha kucheka alipoelewa. Mtu wa mzaha akiacha kucheka, unajua umeonekana.

Barua yako ilipofika niliisoma, kisha nikauvuta mkebe. Nilifungua fundo la mama mwenyewe. Nikachukua kipande kimoja. Nilikitafuna muda mrefu mpaka Guyo akaanza kunong'ona dua. Nikakimeza, na kikakaa. Wallahi kilikaa. Basi nikawapa wengine, wodi ikawa arusi, hata nesi alikula. Mimi sikuongeza. Aliyefika chini ni Guyo, na nusura aimeze kaharabu. Ninayo, nimeivaa shingoni.

Usije. Barre amekubali kunichukua lori lake likirudi tupu, ila siku haijui. Barua hii naitia posta leo ili itangulie. Nataka siku nitakaposhuka uwe umeshalia ukamaliza. Mbele za watu tusiambiane kitu. Nitawaambia nimepona. Wakijua, watanisalimia kwa ile sauti, na kile kikombe kitaletwa. Nisaidie nikae katikati ya wanaume wenzangu kama mtu, kwa siku zilizobaki. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Ndugu yako,
Sugow


Garissa, 12 Machi 1954

Kwa walaal Sugow, aliyelala kitanda cha kamba kwenye kivuli cha ukuta wangu,

Assalamu alaikum. Nakuona kutoka hapa ninapoandikia. Nzi amekutua mguuni na hujamfukuza. Habari za nyumbani unazo, maana umo ndani yake. Ila habari moja hunayo. Barua yako imefika leo asubuhi.

Karani anasema mfuko wa posta ulishikwa njiani kwenye upekuzi, ukapelekwa kusikojulikana, ukarudi. Wewe umefika kabla ya maneno yako. Ulishuka lorini ukasema kwa sauti, "Nimepona, alhamdulillahi, Wazungu wanajua kushona!" Wanawake wakapiga vigelegele. Ukanitazama mimi, jicho la mtu ambaye tumekwisha kupatana naye jambo. Sikukuelewa. Niliona umekonda, nikalaumu chakula cha hospitali. Kisha nikaiona kaharabu shingoni mwako. Nikasema: amefungua, amekula, amefika chini. Yale mashaka yangu yote nikayatupa palepale. Nilicheka mpaka machozi, nikakupiga begani. Wewe ukadhani nakusaidia kudanganya watu, kumbe mimi nilikuwa nimeamini.

Na nikakufanyia jambo, Sugow. Wazee walipokuja kukupa pole nilikuletea dhil, ile kubwa, imejaa hadi mdomo, mbele ya Jama na wote. Uliipokea kwa mikono miwili. Uliinua, ukalowesha midomo, ukaiweka chini, ukasema safari imekuchosha. Nami nikasema, "Nairobi wamekubadilishia tumbo, wamekupa la kifaranga!" Wote wakacheka. Wewe pia ulicheka. Tangu asubuhi ninalisikia neno langu hilo, na natamani kuung'oa ulimi ulioitamka dhihaka hiyo.

Nimesoma nyuma ya nyumba, penye kuni. Uliniagiza nilie nimalize. Nimelia, kumaliza sikuweza, lakini nimenawa uso.

Nilifikiri nije niketi kando yako nikuambie haya kwa mdomo. Sikuweza. Lugha yetu ina masikio mengi katika ua huu, na mimi nikianza kwa sauti nitaishia kwa kilio, watu watoke majumbani. Kwa hiyo nakuandikia, kama tulivyozoea, ingawa leo Barre hana kazi. Nitaiweka chini ya mto wako utakapoinuka kuswali.

Sharifo anakuja kesho na ng'ombe na ndama wake. Nitamwambia mimi, penye kuni pale pale. Mke hafichwi, na nilishakuambia yeye si mjinga. Atanyamaza vizuri kuliko sisi.

Sasa lile uliloniomba. Mchana nilikwenda kwa Lul nikamwazima finjani zake zote. Hakuamini. Aliniuliza mara mbili kama ni za kahawa, nikamjibu ni za maziwa. Alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi. Kwa saa hii nadhani mtaa mzima umeshaambiwa.

Kuanzia kesho hakuna dhil itakayotoka jikoni kwangu. Wazee watapewa finjani. Watu wa Sangailu watapewa finjani, na hata Bwana DC akija kuniambia ruhusa imetoka, atapewa finjani. Na wewe utapewa yako, sawasawa na yao, katikati yao. Funda moja likikupita kooni, utakuwa umemaliza kama wao walivyomaliza, na hakuna atakayekutazama, kwa sababu wote watakuwa wananitazama mimi. Waseme Amino amekuwa mchoyo uzeeni. Waseme mpaka Wajir.

Mzee Jama hawezi kujizuia, namjua. Ataiinua yake, ataitazama, atauliza kama ni ya kunywa au ya kunusa. Ukimsikia, walaal, cheka nao.

Dada yako,
Amino